Makuhani wa mungu wa uhuru wanafanyaje siasa? Somo kwa wanaotunga dunia za kufikirika

Juzi kuna vijana walikuja ofisini kwetu hapa Mwanza na daftari limejaa ramani, visiwa, falme, majina ya miungu, wanatunga dunia yao wenyewe ya kuchezea gemu la mezani, lile la kurusha dadu huku mmoja anasimulia. Wameweka humo dini ya mungu wa uhuru, makuhani wake hawapendi mfalme yeyote wala mtu wa kuwaamrisha. Shida ikawa kila wakiandika siasa za hao makuhani wanatoka wote wapiganaji wa porini wanavunja magereza, basi, hamna kingine. Mimi kazi yangu ni historia na masimulizi ya watu wa kanda hii ya ziwa, nikaona nisiwajibu wao peke yao, manake wanaotunga stori za namna hii sasa hivi ni wengi na wanastahili kusaidiwa vizuri.

Tuanzie kwenye gemu lenyewe. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, na mmoja wa waasisi wake, Gary Gygax, alikuwa anakaa Lake Geneva, Wisconsin, mji wa kando ya ziwa kama huu wetu. Dunia aliyoitunga inaitwa Greyhawk, na kwenye toleo lake la 1983 yumo mungu anaitwa Trithereon, mungu wa uhuru, wa mtu kujisimamia, kujilinda na kulipa kisasi. Ana silaha tatu: mkuki, upanga, na fimbo ya enzi. Hapo kwenye fimbo ya enzi msipapite haraka. Fimbo ya enzi ni ya watawala, sasa mungu wa uhuru ameishika ya nini? Mimi nasoma hivi, kwamba anayekuja kumtoa dhalimu lazima na yeye awe na nguvu ya kuhukumu, na siku anayoipata hiyo nguvu ndio siku siasa zake zinaanza.

Dunia hiyohiyo ina Pholtus, mungu wa mwanga na sheria, makuhani wake wanatawala nchi nzima inaitwa the Pale na dini nyingine hazitakiwi kule. Siasa za makuhani kama hao ni rahisi kuandika, kuna ngazi, kuna amri, kuna anayepandishwa na anayeshushwa. Wa uhuru ndio kazi. Nani anamteua mkubwa wao? Akikosea nani anamtoa? Wakigawanyika nani ana haki ya kutumia jina la mungu?

Sasa majibu ya maswali haya msiyatafute mbali, yako kandokando ya hili ziwa. Watu wa maziwa makuu kuanzia Bunyoro mpaka Burundi walikuwa na dini ya kubandwa, yaani mtu anapandwa na roho ya shujaa wa kale, anakuwa kiti chake, anasema kwa sauti yake. Mfalme anaweza kukupa ng'ombe, anaweza kukupa kijiji, lakini roho hawezi kukupa, roho inakuja yenyewe na inaweza kumpanda mwanamke asiye na shamba wala ukoo mkubwa, na akishapandwa hata mwenye cheo inabidi atulie amsikilize. Huko ndiko nguvu yao ilikotoka. Kwa hiyo mkiwa mnatunga makuhani wenu jiulizeni kwanza nguvu yao inatoka wapi, na iwe sehemu ambayo ikulu haina ufunguo wake, manake kama hekalu limejengwa kwa hela ya mfalme na kuhani ameapishwa na mfalme basi hata aimbe uhuru mchana na usiku huyo ni mtumishi wa serikali.

Na wafalme nao hawakukaa wanaangalia tu. Rwanda kulikuwa na Ryangombe, shujaa aliyeuawa na nyati, wafuasi wake walikuwa Watutsi, Wahutu na Watwa wote pamoja, na mfalme mwenyewe hakuruhusiwa kubandwa. Ikulu ikafanya nini? Haikuipiga vita, ikaiwekea cheo. Pakawa na mtu pale kwa mfalme anaitwa mfalme wa imandwa, yaani mkubwa wa hao waliopandwa, sasa dini ina mwakilishi ikulu, ana heshima zake, na mtu mwenye heshima ikulu ana kitu cha kupoteza. Mimi hii naiona kali kuliko jeshi. Vijana wengi wakiandika mfalme anapambana na makuhani wanampa panga, kumbe angewapa kiti cha pili kutoka kwake na ng'ombe wa maziwa stori ingekuwa nzito mara kumi.

Buganda nako kulikuwa na Mukasa, mungu wa ziwa hili, hekalu lake kubwa lilikuwa kisiwa cha Bubembe kule Ssese. Mwisho wa mwaka 1879 Kabaka Mutesa anaumwa, wakuu wake wakataka kiti cha Mukasa, yaani mtu anayepandwa naye, kiletwe ikulu kimtibu, wamisionari wakapinga kwa nguvu zote. Hebu liangalieni hilo kama watunzi. Mfalme mgonjwa, dini mbili zinagombea kitanda chake, wakuu wana hesabu zao, na kuhani anatoka kisiwani kuja mjini na kila atakachosema kitakuwa siasa hata akisema kunywa dawa hii. Tukio moja tu hilo, na hakuna gereza lililovunjwa.

Halafu kuna makuhani wa Nyabingi, roho nyingine ya kupanda watu, upande wa Kigezi kule Uganda na kaskazini mwa Rwanda. Hawa ndio wanakaribia zaidi makuhani wa kwenye daftari la wale vijana, manake waliwasumbua watawala kwelikweli, wafalme wa Rwanda na baadaye wakoloni. Muhumuza, mwanamke aliyesema kwa jina la Nyabingi, aliongoza watu dhidi ya Wazungu mpaka Waingereza wakamkamata mwaka 1911, wakamweka Kampala hadi akafa 1945. Lakini huyohuyo Muhumuza alikuwa anadai mwanawe ndiye mrithi halali wa kiti cha Rwanda. Anataka watu wawe huru, na anataka mtoto wake awe mfalme, vyote viwili moyoni mwa mtu mmoja, na sioni sababu ya kudhani alikuwa anadanganya kwenye kimojawapo. Mpeni kuhani wenu moyo wa namna hiyo.

Hela. Hapa nitapita haraka ila msiisahau, kuhani anakula. Tuseme makuhani wenu wameshika kivuko, kama pale Kigongo na Busisi kabla ya daraja, na imani yao inasema hakuna mtu wa kuzuiwa kuvuka. Mwaka wa kwanza wanavusha bure, mwaka wa pili mtumbwi unavuja na mbao zinauzwa, mwaka wa tatu wanaomba sadaka, mwaka wa nne asiye na sadaka anaambiwa asubiri kidogo. Hakuna aliyeamua kuwa mbaya hapo, na watu wamebaki ng'ambo.

Kuhusu kumtoa mkubwa anayekosea, nendeni Bujora pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, mkaone ngoma za watemi. Usukumani mtemi alichaguliwa na banang'oma, watu wa ngoma, na mvua ikigoma au nchi ikiharibika waliweza kumwondoa. Ngoma ndio utemi wenyewe, mtu anakuja anapita, ngoma inabaki. Utawala wa watemi ulifutwa kisheria mwaka 1963 lakini ngoma bado zipo mnaweza kuziona kwa macho.

Nikawauliza wale vijana: makuhani wenu wakishamwangusha dhalimu, ngoma yake wanaifanyaje? Wakabishana karibu saa nzima. Mmoja alitaka ichomwe, mwingine akasema ukiichoma kila mtu atajichongea yake na vita haviishi, binti mmoja akasema ipelekwe kisiwani ilindwe na mtu asiyeweza kuipiga, labda kiziwi, labda mtoto. Wakaondoka wakiwa wameiacha kwenye mtumbwi katikati ya ziwa, makuhani sita ndani, na bado hawajakubaliana nani ashike kasia.