Je, Wajua Kwa Nini Albamu ya Far ya 1998 Bado Inawagawa Wasikilizaji?

Albamu ya Water & Solutions ilitoka Machi 1998. Bendi iliyoipiga, Far kutoka Sacramento, California, ilivunjika mwaka uliofuata. Hata hivyo, ukiwakusanya watu wanne wanaopenda muziki wa posti-hadikoo na kuitaja albamu hiyo, jiandae kwa ubishi. Mmoja atakuapia kwamba hakuna kazi bora kuliko hiyo katika miaka yote ya 1990. Wa pili atasema bendi ilikuwa imeshalainika, na kwamba Far halisi iko kwenye albamu iliyotangulia, Tin Cans with Strings to You ya 1996. Wa tatu atalalamika kwamba magitaa yanammeza mwimbaji, na wa nne atasema mwimbaji mwenyewe analialia mno.

Nyimbo ni zile zile 12. Hukumu nne zinatoka wapi?

Tuanze na mtindo wenyewe, kwa ufupi. Hadikoo ni panki (roki fupi, ya kasi na ya uasi) iliyoongezwa mwendo na hasira: wimbo wa dakika moja, makelele, basi. Kufikia 1985, vijana wa Washington, D.C., walikuwa wameanza kuchoshwa na ngumi kwenye maonyesho na nyimbo zinazofanana. Mwaka huo bendi ya Rites of Spring ilitoa albamu yake kupitia Dischord, kampuni ndogo ya rekodi ya hapo hapo mjini. Waliacha ghadhabu ibaki, lakini wakaingiza majuto, mapenzi na sauti inayopanda na kushuka. Muda si mrefu baadaye ikazaliwa bendi ya Fugazi. Muziki wa namna hiyo ndio ulioitwa posti-hadikoo, na tawi lake lenye melodi nyingi ndilo lililofika hadi kwa Far.

Sasa tuingie kwenye kiini. Kama umewahi kuimba kwaya, unajua do, mi na so zikiimbwa pamoja zinatoa mpatano uliokamilika. Mi ndiyo inayoamua hali ya moyo. Ikiwa juu, mpatano ni meja, unachangamka. Ikishushwa nusu hatua unakuwa maina, na huzuni inaingia. Magitaa ya roki nzito, mara nyingi, hayaigusi kabisa mi. Yanapiga do na so tu.

Sababu yake iko ndani ya amplifaya. Sauti ya gitaa ikikwaruzwa kwa makusudi, amplifaya inazidiwa nguvu na kukata vilele vya mawimbi ya sauti. Zikiingia noti mbili kwa wakati mmoja, haitoi mbili tu. Inazaa nyingine ambazo hakuna aliyezipiga, na kubwa kati ya hizo ni tofauti ya mitetemo yao na jumla yake. Chukua do yenye mitetemo 110 kwa sekunde na so yenye 165. Tofauti yake ni 55, nusu kamili ya 110, yaani do ile ile oktavu moja chini. Ndiyo maana noti mbili kwenye gitaa linalokwaruza zinasikika kama ukuta mzima: chini kumejitokeza besi ya bure.

Jaribu sasa kuiweka mi. Kwenye gitaa la kawaida mi hiyo ina mitetemo kama 138.6. Tofauti yake na do ni 28.6, mngurumo ambao haulingani na do ya oktavu mbili chini, yenye 27.5. Jumla ni 248.6, ambayo inaangukia jirani na re, mgeni asiyealikwa. Sauti inakuwa tope. Wapiga gitaa waligundua hilo kwa masikio tu, bila hesabu yoyote, wakaiacha mi nje.

Kwa hiyo gitaa zito peke yake ni kama ugali bila kitoweo: linashibisha, ila halijasema ni mlo gani. Hasira, huzuni, matumaini, vyote vinawezekana juu ya do na so zile zile. Kwenye hadikoo ya awali hakuna aliyejali, kwa sababu mwimbaji alikuwa anapiga kelele, na kelele haina mi wala fa. Lakini mwimbaji akianza kuimba kweli, yeye ndiye anayeileta noti iliyokosekana. Akiigusa mi ya juu, ukuta wote nyuma yake unageuka meja. Akiishusha, ukuta ule ule unaingia giza, na mpiga gitaa hajasogeza hata kidole.

Hapo ndipo ulipo uzito wa Jonah Matranga, mwimbaji wa Far. Sauti yake ni nyembamba, karibu na ya mtu anayeongea na rafiki, na haishindani kwa ukubwa na gitaa la Shaun Lopez. Inakaa kwenye ile nafasi iliyoachwa wazi. Sikiliza “Mother Mary” kwa spika za masikioni, kwanza ukifuata gitaa peke yake, kisha ukifuata sauti peke yake. Utadhani umesikia nyimbo mbili.

Ukishalielewa hilo, wale wabishi wanne hawashangazi tena. Anayesema bendi ililainika anasikiliza gitaa, na kwa sikio lake melodi imepunguza makali. Anayesema mwimbaji analialia ameizoea kelele, kwa hiyo noti inayotaja huzuni waziwazi inamkera. Anayedai magitaa yanammeza mwimbaji anataka wimbo wa kuimbika, na hapo simlaumu, maana prodyuza Dave Sardy hakuyapunguza magitaa ili kumpisha mtu. Kwangu mimi uamuzi huo ndio unaoibeba albamu. Ungemweka Matranga mbele kabisa, kama wafanyavyo kwenye nyimbo za redio, ungebaki na nyimbo nzuri za mapenzi na gitaa la kusindikiza. Anapolazimika kupenya, unasikia jitihada yake.

Lakini ubishi wa masikio hauelezi kwa nini ilipuuzwa. Hilo ni suala la biashara. Far walikuwa chini ya Immortal, kampuni ya rekodi iliyokuwa ikishirikiana na kampuni kubwa ya Epic, na nyota wa Immortal walikuwa Korn. Agosti 1998, miezi mitano baada ya Water & Solutions, Korn walitoa Follow the Leader, ikaingia chati ya Billboard ya Marekani ikiwa namba moja. Mtindo uliokuwa ukiuzika ni nyu-metali: gitaa zito, mdundo wa hip hop, mwimbaji anayerapu au kunguruma. Far walikuwa na gitaa zito, lakini wakaleta melodi na maneno ya upole. Mashabiki wa Korn waliona hawa ni laini mno, na redio ziliona ni wazito mno. Hata mjini kwao kulikuwa na kivuli kikubwa: Deftones, nao wa Sacramento, walikuwa wametoa Around the Fur Oktoba 1997.

Baada ya bendi kuvunjika, albamu ikaendelea kutembea bila wenyewe. Mwaka huo huo wa 1999 ndio Napster, huduma ya kubadilishana nyimbo mtandaoni, ilipoanza, na ghafla nyimbo za bendi zisizokuwa madukani zikawa zinapatikana kwa yeyote mwenye kompyuta na subira. Far hawakuwa peke yao katika bahati hii ya kuchelewa. Refused wa Sweden walivunjika 1998, mwaka ule ule waliotoa The Shape of Punk to Come, na sifa zikawafikia wakiwa wameshatawanyika. At the Drive-In wa El Paso walitoa Relationship of Command Septemba 2000, na kabla mwaka haujatimia hawakuwapo. Bendi za aina hii huishi kwenye gari, hulala sakafuni kwa wenyeji na hugombana kabla sifa hazijawafikia.

Far waliungana tena 2008. Na hapa kuna kichekesho: walipiga kwa magitaa mazito wimbo wa “Pony”, ule wa R&B ulioimbwa na Ginuwine mwaka 1996, na mzaha huo ukapata nafasi redioni kuliko kazi zao nyingi za dhati. Albamu yao At Night We Live ilifuata 2010. Jina hilo lilitokana na ndoto ya Lopez kuhusu Chi Cheng, mpiga besi wa Deftones, aliyepata ajali ya gari Novemba 2008, akawa mahututi, na kufariki Aprili 2013. Lopez baadaye alianzisha kundi la Crosses pamoja na Chino Moreno, mwimbaji wa Deftones.

Na Matranga? Huenda umeshamsikia bila kujua. Mwaka 2006 wimbo wa “Where'd You Go” wa Fort Minor, mradi wa Mike Shinoda wa Linkin Park, ulifika namba nne kwenye Billboard Hot 100. Kwenye jina la wimbo huo wametajwa wageni wawili: Holly Brook, anayeimba kiitikio, na Jonah Matranga.