Hewa ukaa ya barabarani haiishii kwenye moshi wa greda

Ukitaja kupunguza hewa ukaa katika matengenezo ya barabara, wengi huwaza moshi mweusi wa greda. Moshi huo upo, ila mafuta mengi huungua mbali na barabara, kwenye mtambo wa lami, ambako kokoto hukaushwa na kuchanganywa na lami. Na hayo si mawazo pekee yanayopotosha; mengine ni haya.

“Lami isipochemka sana haishiki.” Lami ya moto huchanganywa na kokoto kwenye nyuzijoto 150 hadi 180 hivi. Lami vuguvugu huchanganywa kwenye joto lililopungua kwa nyuzi 20 hadi 40: hudungwa maji kidogo ikafura povu, au hutiwa kiungo maalumu, ikazipaka kokoto sawasawa bila moto mkali. Hushindiliwa kwa mashine zilezile, na wanaoimwaga hupumua mvuke kidogo zaidi.

“Kokoto zikinyeshewa si neno, zitakaukia mtamboni.” Hili ndilo linaloniudhi, maana dawa yake ni paa tu. Tani moja ya kokoto yenye unyevu wa asilimia 5 imebeba karibu lita 50 za maji. Maji hayo sharti yageuke mvuke kabla kokoto hazijapokea lami, na kazi hiyo peke yake hula zaidi ya lita 3 za dizeli, hata kama mtambo haupotezi joto lolote. Mtambo hupika mamia ya tani kwa siku. Ezeka lundo, sakafu iwe na mteremko wa kutoa maji, uone pipa la mafuta linavyochelewa kuisha.

“Lami iliyokwanguliwa ni kifusi.” Takriban asilimia 95 ya uzito wake ni kokoto, ambazo hazijazeeka. Kilichozeeka ni gundi yake, iliyokauka na kuwa ngumu. Lami hiyo ya zamani husagwa, ikachanganywa na lami mpya iliyo laini zaidi. Lakini usiimwage kiholela: ikizidi bila kipimo cha maabara, barabara hupasuka mapema na akiba yote hupotea.

“Zege halina moshi, basi ni safi.” Mawe ya chokaa yakichomwa kutengeneza saruji hutoa hewa ukaa yenyewe, hata tanuri likiwashwa kwa umeme wa jua. Zege hudumu, kweli, lakini hesabu yake ifanywe kwa miaka yote ya barabara.

“Ufa mdogo uache, tutajenga upya baadaye.” Ufa unaopitisha wembe hupitisha maji pia. Yakifika tabaka la chini, udongo hulainika. Lori likipita, lami huinama na kurudi, huinama na kurudi, mpaka ivunjike vipande kama gamba la kobe. Ufa ungezibwa kwa sufuria moja ya lami. Gamba la kobe hudai kuchimbua, kusomba kifusi, kuleta kokoto na kupika lami upya. Na mara nyingi maji hayo yalitoka kwenye mtaro wa pembeni ulioziba, ambao ungezibuliwa kwa sepetu.