Damu haikumtisha, kochi ndo lilimtisha

Wiki iliyopita kaja mama mmoja wa Chuno, hapahapa Mtwara mjini (kaniruhusu niandike), siku ya nne hapati usingizi. Nikapima presha, iko sawa, msiba hamna, mume mzima, mwisho akacheka kwa aibu, "dada nesi usinicheke, ni sizoni." Mwanae kamwekea Criminal Minds kwenye flashi, ile tamthilia ya Kimarekani ya wapelelezi wa FBI wanaosaka wauaji, sizoni ya kwanza tu, kamaliza yote, na toka siku hiyo anafunga madirisha yote usiku, na joto la huku mnalijua.

Mi ni muuguzi wa afya ya akili, wa hivi napata wengi tu, ila wanakuja wakisema kichwa kinauma.

Nikamuuliza damu ndo zilimtisha? Hapana bwana, yeye kila Idi anashika mbuzi miguu. Kilichomwingia ni mwisho wa ile sizoni, afisa wa kike wa FBI karudishwa kwake akapumzike, kajilaza kwenye kochi, usingizi umempitia, jamaa huyo kaingia na bastola, mlio, giza, basi. Na sizoni ya pili hana! Wamarekani wenyewe walisubiri toka Mei mpaka Septemba 2006 kujua dada kapona au la.

Sasa hapo ndo penyewe. Kuna kipande kidogo cha ubongo kinaitwa amigdala, kazi yake ulinzi, na hakisubiri uambiwe haya ni maigizo, kikiona hatari kinapiga kengele, adrenalini inamwagika, moyo mbio, mate yanakauka. Akili inajua fika pale kuna kamera na mtu wa kupaka rangi nyekundu, ila inafika imechelewa, na hata ikifika haiwezi kuichota adrenalini irudi ilikotoka. Mwili unatulia taratibu. Afu kisa kikiishia hewani ubongo unabaki unakimalizia wenyewe usiku, na kwa kuwa hauna nyumba ya Marekani unatumia ya kwako, kochi lako, dirisha lako la jikoni.

Vijana kwenye kibanda umiza wao wakiona ya hivi wanacheka, watu wanasema kizazi hiki hakina huruma, mi sikubali. Mwangalie kwa karibu huyo anayecheka, kashika chipsi mfuko mzima zimepoa na mguu unatikisika, kicheko ndo njia yake ya kupumua.

Na usidhani mazoea yanakinga kila mtu. Mandy Patinkin, aliyekuwa anaigiza kama Gideon, mpelelezi kwenye tamthilia hiyohiyo, aliondoka 2007 na baadaye akasema kazi ile iliiharibu roho yake, na huyo damu ya bandia alikuwa anaiona inavyopakwa.

Ila kuna watu ambao sizoni hizi nawaambia waache kabisa, mfano waliokimbia Kitaya, kijiji cha huku Mtwara mpakani na Msumbiji, kiliposhambuliwa Oktoba 2020, kwao mlio wa risasi kwenye tivii haukumbushi filamu, unamrudisha mtu porini na mtoto mgongoni. Hapo usimwambie "si maigizo tu jamani", zima tivii kaa nae.

Mama wa Chuno nilimwambia atafute sizoni ya pili aangalie kile kipande mchana, mlango wazi, sauti chini maana nusu ya hofu iko kwenye ule muziki, na simu isiingie kwenye chandarua. Juzi kapiga, analala, madirisha kafungua. La jikoni bado.