Gari la zamani linapolipuka asubuhi

Wateja wengi huniletea gari saa nne, injini imeshapata moto njiani, halafu wananiambia, "Fundi, kila asubuhi linapiga kama bunduki." Nikiliwasha, kimya. Siku hizi nasema tu: niachie lilale hapa.

Asubuhi natega sikio: mlio umetokea juu kwenye kabureta, panapochanganyika petroli na hewa, au nyuma kwenye eksozi, bomba la moshi? Ukitokea juu, mara nyingi petroli imezidiwa na hewa. Injini baridi haigeuzi petroli kuwa mvuke vizuri. Nyingine inabaki matone kwenye kuta za manifoldi, mabomba yanayopeleka mchanganyiko silindani. Mchanganyiko mwepesi huungua polepole, valvu ya kuingiza inafunguka moto bado haujazimika, na moto unarudi juu. Ukitokea nyuma, kuna petroli iliyopita silindani bila kuungua ikaenda kuwakia kwenye bomba. Hapo nashuku umeme.

Kabla ya kugusa swichi nafungua chujio la hewa, nakanyaga mafuta mara moja, natazama kipepeo cha choki, kibati kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi. Kinatakiwa kiwe karibu kimefunga. (Usiinamie kabureta mwenzako akipiga stata. Nyusi zangu ziliwahi kuungua.) Kisha, injini ikiwa inanguruma taratibu, nanyunyizia maji kidogo kwenye maungio ya manifoldi, mbali na nyaya za plagi. Mngurumo ukibadilika, gasketi inayoziba maungio hayo inavuta hewa ya wizi. Taiming, yaani wakati cheche inapopiga, naipima kwa taa yake. Tapeti, zinazosukuma valvu, sizishuku mapema kama tatizo linakwisha injini ikipata joto.

Pikapu moja ilinichosha. Mwenyewe alishabadilisha plagi na koili. Nilikuta kipepeo kimenata wazi kwa uchafu. Nikakisafisha, mlio wa juu ukaisha, wa nyuma ukabaki. Nikafungua kifuniko cha distributa, kinachogawa cheche kwa kila silinda kwa zamu. Ndani kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele, kutoka ncha moja hadi ya jirani. Unyevu wa usiku ukitua pale, cheche inakata njia na kwenda silinda ambayo si zamu yake. Injini ikipata moto, unyevu unakauka na ushahidi unapotea, ndiyo maana mafundi wawili kabla yangu hawakuuona.

Nikaweka kifuniko kipya na rota, kile kidole kinachozunguka ndani yake, nikailaza pikapu usiku mwingine. Asubuhi iliwaka kwa mkupuo mmoja, bila mlio.