Umeangalia, lakini hukuona

Simama stendi ya daladala hapa Dodoma mjini, saa kumi na moja jioni. Makonda wanaita Ipagala, Ilazo, Nkuhungu. Spika ya duka la simu inatangaza ofa, bodaboda wanapiga honi. Katikati ya makelele hayo unaongea na shemeji yako habari za msiba wa Kondoa, na mnasikilizana vizuri kabisa. Ghafla, huko nyuma, mtu anataja jina lako. Unageuka.

Huwa nawauliza wanafunzi wangu: kama masikio na umakini wako vilikuwa kwa shemeji, jina umelisikiaje?

Mwaka 1953 mtafiti Mwingereza, Colin Cherry, aliwavalisha watu hedifoni. Sikio la kulia lilisikia maneno haya, la kushoto mengine, na kazi yao ilikuwa kurudia kwa sauti maneno ya upande mmoja tu. Waliweza. Alipowauliza kuhusu sikio la pili, hawakuwa na la kusema. Walitambua sauti ilipobadilika kutoka ya mwanamume kuwa ya mwanamke, lakini maneno yalipogeuka kuwa Kijerumani hawakushtuka. Mwaka 1959 mtafiti mwingine, Neville Moray, akapenyeza majina ya wasikilizaji wenyewe kwenye sikio lile lililopuuzwa. Takriban theluthi moja walisikia.

Wazazi, igeuzeni hesabu hiyo: theluthi mbili waliitwa kwa majina yao, sikioni kabisa, na hawakusikia. Mtoto aliyezama kwenye katuni akiitwa mara mbili asiitike, si lazima iwe jeuri. (Mara ya tano mtaamua wenyewe.)

Ubongo unachuja kwa sababu hauna namna nyingine. Nyoosha mkono mbele yako, utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo la kadiri hiyo ndilo unaloliona kwa undani kwa wakati mmoja. Kwingine kote picha ni hafifu. Ndiyo maana macho hurukaruka mara tatu hivi au nne kila sekunde. Nani anayaambia yaruke wapi? Wakati mwingine ni wewe: unamtafuta mwanao mwenye sweta jekundu kati ya wanafunzi mia, na sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso inazipa nguvu seli zinazoshughulika na wekundu na kuzituliza nyingine. Wakati mwingine kitu chenyewe kinakuvuta bila hodi: honi, nyoka, simu inayotetemeka mfukoni. Pande hizi mbili hugombana kutwa nzima, na simu zimetengenezwa na watu wanaolijua hilo vizuri.

Lakini mahali ambapo nimejifunza zaidi kuhusu umakini ni kwenye sahani ya ugali. Mzee mmoja alikuwa amepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, eneo lililo karibu na utosi. Macho yake yalikuwa mazima, ila umakini wake haukufika tena upande wa kushoto. Alikula ugali wa mtama na mlenda, akamaliza nusu ya kulia, akanawa, akalalamika kwamba siku hizi anapunjwa. Binti yake hakubishana naye. Aliizungusha sahani tu, ile nusu iliyobaki ikaja kulia, na mzee akaendelea kula kama mtu aliyeongezewa.

Watafiti wawili wa Italia, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, walieleza jambo la ajabu zaidi mwaka 1978. Waliwaomba wagonjwa wa aina hiyo wauelezee kwa kumbukumbu uwanja wa kanisa kuu la Milan, kana kwamba wamesimama upande mmoja wa uwanja. Walitaja majengo ya kulia, ya kushoto wakayaacha. Wakaombwa wajifikirie wamesimama upande wa pili, wanatazama walikotoka. Sasa wakayataja yale waliyoyaacha, na yale ya mwanzo yakapotea. Ni kama mtu aielezee Nyerere Square ya hapa Dodoma akiwa kitandani, na nusu ya uwanja ikafutika kichwani mwake mwenyewe. Kumbukumbu ilikuwepo yote. Kilichokosekana ni cha kuimulika.

Sisi tusio na kiharusi tusijisifu. Mwaka 2013 madaktari 24 wa radiolojia, yaani wasomaji wa picha za ndani ya mwili, walipewa picha za CT za mapafu watafute vinundu (vivimbe vidogo) vya saratani. Ndani yake palibandikwa picha ya gorila, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Madaktari 20 hawakumwona, na kifaa kilichofuatilia macho kilionyesha kwamba wengi wao walimtazama palepale alipokuwa. Walikuwa wanatafuta kinundu.

Kwa hiyo dereva anayesema "nimeangalia, pikipiki sikuiona" huenda anasema kweli, ingawa kweli hiyo haimfufui mtu. Na hapa nina ugomvi na wanaoamini kwamba simu ni hatari kwa sababu tu inashikwa mkononi. Majaribio ya udereva yameonyesha mara nyingi kwamba kuongea kwa kifaa cha masikioni kunamchelewesha dereva kuchukua hatua karibu sawa na kuishika simu yenyewe. Mikono iko kwenye usukani, macho yako barabarani, ila umakini uko kwenye maongezi.

"Mbona kuongea na abiria hakuna shida?" mtu huniuliza. Abiria anaiona barabara. Mkiwa mnatoka Dodoma kwenda Morogoro, lori la mahindi likachomoza ghafla pale Kibaigwa, aliyekaa kiti cha mbele ananyamaza katikati ya sentensi, au anapiga kelele. Yule wa kwenye simu yuko Mwanza. Lori halioni, na anaendelea kukuuliza gunia sasa hivi ni shilingi ngapi.