Ulinganifu wa projeksheni si ulinganifu wa mkunjo

Mtu akishajua kwamba mkunjo fulani una ulinganifu, mara nyingi huhitimisha kwamba projeksheni yoyote ya mkunjo huo inao ulinganifu uleule, na kosa hilo nimelikuta hata katika maelezo ya wanaofundisha somo lenyewe.

Chukua mkunjo wa aljebra katika bapa, yaani unaotolewa na mlinganyo wa polinomia, kisha chagua nukta P na uchore mistari yote inayopita P. Projeksheni kutoka P huipeleka kila nukta ya mkunjo kwenye mstari unaoiunganisha na P. Ulinganifu wa projeksheni hiyo ni geuzo la mkunjo linaloiacha kila nukta ndani ya mstari wake: mistari ni nyuzi, nukta ni shanga, na shanga hubadilishana nafasi kwenye uzi mmoja tu, tena kwa kanuni moja inayotawala nyuzi zote.

Tazama y = x³, huku P ikiwa katika infiniti upande wa mhimili wa x, ili mistari yake iwe ya mlalo. Katika namba changamano, mstari y = 8 hukata mkunjo mahali patatu: x = 2, 2ω na 2ω², ambapo ω ni kipeuo cha tatu cha 1 kisicho 1 yenyewe. Kuzidisha x kwa ω huzizungusha nukta hizo tatu bila kuigusa y, na huo ndio ulinganifu wa projeksheni. Ule ambao kila mtu huuona kwenye grafu, wa kugeuza (x, y) kuwa (−x, −y), ni wa mkunjo bila ubishi wowote, lakini huihamisha (2, 8) hadi mstari y = −8, na kwa sababu hiyo hauhesabiwi hapa.

P ambayo mageuzo yake, pamoja na lile lisilobadili kitu, yanafikia digrii ya projeksheni (idadi ya nukta za mkunjo, P ikiachwa, ambazo mstari wa kawaida unaopita P huzikata) huitwa nukta ya Galois, dhana iliyoanzishwa na Hisao Yoshihara wa Japani mwaka 1996. Nukta hizi ni adimu. Katika namba changamano, mkunjo laini (usio na ncha wala kujikata) wa digrii 4 au zaidi una nukta za Galois zilizo nje yake 0, 1 au 3 tu, na zinapokuwa 3, mkunjo huo ni wa Fermat, xᵈ + yᵈ + zᵈ = 0 (d ni digrii, na z ni kiwianishi cha tatu kinachoingiza nukta za infiniti), ama wenyewe ama baada ya kubadili viwianishi.

Sasa chukua y = x³ − 3x na P ileile. Mstari y = 2 huugusa mkunjo pale x = −1 na kuukata pale x = 2. Geuzo la kuzungusha nukta tatu lingelazimika kuifanya nukta ya mguso kuwa ya mkato, jambo lisilowezekana. Na kwa kuwa idadi ya mageuzo lazima igawe 3, linabaki moja tu, lile lisilobadili kitu. Hapo ndipo wengi hudai kwamba ulinganifu wa projeksheni ni S₃, kundi la njia zote 6 za kubadilishana vitu vitatu, kwa sababu kundi la Galois la mlinganyo huo juu ya y, yaani la mabadilishano ya majawabu yake yanayohifadhi mahusiano yao ya kialjebra, lina wanachama 6. Hesabu yao ni sahihi kabisa, ila kundi walilolipata ni la monodromia: linaeleza jinsi majawabu matatu yanavyobadilishana y inapozunguka 2 na −2, wala halileti geuzo lolote la mkunjo wenyewe.