Zawadi za Krismasi kati ya wapenzi: dhana zinazozaa kununiana

Ugomvi wa zawadi ya Krismasi baina ya wapenzi haulipuki tarehe 25 Desemba. Siku hiyo nyumba ina wageni, pilau iko jikoni, watoto wamevaa nguo mpya, na hata aliyeumia anajikaza acheke. Kununa kunaanza tarehe 27 hivi, wageni wakishaondoka, na mara nyingi kunajificha nyuma ya jambo jingine: chumvi imezidi, simu haikupokelewa, mbona umechelewa. Ukichimba unakuta chini yake kuna zawadi ambayo haikuja, au ilikuja ikawa siyo. Na chini ya zawadi hiyo kuna dhana ambayo mmoja aliishika kimyakimya akidhani mwenzake naye anayo.

"Akinipenda atajua ninachotaka"

Hii ndiyo mama wa zote. Mtu anapita Kariakoo na mwenzake, anasimama mbele ya kiatu, anasema "hiki kiatu kizuri jamani", halafu anasubiri Desemba. Kwake yeye ameshasema. Mwenzake wakati ule alikuwa ameshika mfuko wake wa pesa asije akaibiwa, na alichosikia ni kwamba kiatu ni kizuri.

Tunaamini kwamba kadiri unavyokaa na mtu ndivyo unavyozidi kujua anachopenda. Davy Lerouge na Luk Warlop walilipima hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Walichukua wapenzi, wakawataka wengine wabashiri samani zipi za chumba cha kulala mwenzi wao atazipenda, na wengine wabashiri za mtu wasiyemjua, kisha wakawa wanawapa taarifa za kile mhusika alichokisema. Kumbe kumfahamu sana mtu kulikuwa kunawaziba masikio. Waliobashiri kwa ajili ya mtu wasiyemjua walizitumia zile taarifa vizuri. Waliobashiri kwa ajili ya mwenzi waling'ang'ania picha waliyokuwa nayo kichwani tangu zamani. Ndiyo maana mume wa miaka kumi na mitano bado ananunua manukato ambayo mkewe aliyapenda walipokuwa wachumba.

Kuna kingine. Morgan Ward na Susan Broniarczyk walionyesha mwaka 2016 kwamba watu wa karibu ndio wanaopenda kuikwepa orodha ya vitu ambavyo mpokeaji mwenyewe amesema anavitaka. Wanaona kununua kilichoorodheshwa ni kazi ya mtu baki, na wao wanataka kuonyesha ukaribu. Mpokeaji, masikini, alikuwa anakitaka kile kile alichokiandika.

Chukua khanga. Mwanaume akiingia dukani anaangalia rangi: mke wangu anapenda zambarau, nipe hiyo ya zambarau, doti shilingi ngapi? Mwanamke yeyote anayejua khanga anaanza na jina, yaani yale maneno ya chini, kisha ndiyo rangi. Sasa fikiria mtu anafungua mfuko asubuhi ya Krismasi, mbele ya wifi na mama mkwe, anaikunjua, inasoma JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Mtoaji hakuwa na neno. Lakini wifi ameshasoma, na mpaka jioni ukoo mzima utakuwa na tafsiri yake.

Kusema unachotaka hakuui mapenzi. Taja vitu vitatu vya bei tofauti, mwenzako achague kimoja. Mshangao wa kujua ni kipi bado utakuwepo. Na kama unachotaka ni nguo ya kushona, sema mapema, Oktoba au Novemba, kwa sababu kitenge kilichonunuliwa tarehe 18 Desemba kitatoka kwa fundi Januari, kikitoka.

"Tumekubaliana tusipeane, basi yameisha"

Sentensi ya hatari kuliko zote mwezi wa kumi na mbili ni "mwaka huu tusipeane zawadi". Inasemwa kwa nia njema kabisa. Januari ni mwezi dume, kuna ada, sare, madaftari, na wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mpigo. Wote wawili wanaitikia. Lakini mmoja amesikia "hatupeani kitu", mwingine amesikia "hatupeani vikubwa". Asubuhi ya sikukuu huyu wa pili anatoa kimfuko, kidogo tu, kimefungwa utepe, na yule wa kwanza anabaki na mikono mitupu akitafuta maneno.

Watu husema aliyetoa ndiye mkarimu. Mimi naona ni ubabe wa aina yake: mmeweka ahadi wawili, mmoja ameivunja, na aliyeitimiza ndiye anayeonekana mchoyo. Kama unajua hutaweza kujizuia, usikubali tangu mwanzo. Sema "mimi nitanunua kitu kisichozidi elfu ishirini, na wewe fanya hivyo hivyo". Kiasi kikitajwa kwa shilingi hakuna wa kukisikia vingine.

Makubaliano haya yanavunjwa pia na pesa zinazotoka bila mtu kuziita zawadi. Tuseme ni wanandoa wa Dar es Salaam wanaokwenda kula sikukuu Kilimanjaro, maana Desemba ikifika safari ya Moshi na Rombo kwa Wachaga wengi ni lazima, na mabasi hujaa mpaka mamlaka ya usafiri, LATRA, ikatoa vibali kwa mabasi ya ziada. Hesabu nauli ya watu watano kwenda na kurudi. Weka kitenge cha mama mkwe, blanketi la baba, sukari na mchele wa nyumbani, na kitu cha mkononi kwa kila mtoto wa kaka. Mpaka mnashuka kwenye gari, zawadi zimeshatolewa kwa nusu ya kijiji, na wawili waliozilipia ndio pekee ambao hawajapeana chochote. Halafu mmoja anauliza kwa upole, "na mimi je?" Swali hilo ni la haki, lakini lilipaswa kuulizwa Novemba bajeti ikipangwa, pamoja na jingine gumu zaidi: kama mama yako amepata kitenge, mama yangu anapata nini?

"Nimemnunulia jiko la gesi, anataka nini tena?"

Jiko ni zuri, na mtungi umejaa. Lakini likianza kuwaka litawapikia watu sita, na mpishi ni yule yule aliyepewa. Mke akisema, "Baba watoto, asante, ila hili ni la nyumba," hana kiburi. Na mume anayeletewa pampu ya maji siku ya Krismasi ana haki ya kusema hivyo hivyo.

Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inalitenganisha jambo hili, ingawa haikutungwa kwa kufikiria Krismasi. Kifungu cha 63 kinampa mume wajibu wa kumtunza mke kwa malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo anayehesabu gauni la sikukuu na pesa ya mboga ya Desemba kuwa ndizo zawadi ya mwaka, anahesabu wajibu wake. Zawadi ina kifungu chake, cha 61: mume au mke akimpa mwenzake mali wakiwa katika ndoa, sheria inachukulia kuwa mali hiyo sasa ni ya aliyepewa peke yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hapo jiko linapimika kirahisi. Je, uko tayari alichukue ampelekee mdogo wake? Kama jibu ni hapana, basi umenunua kifaa cha nyumbani.

Warumi wa kale, kwa njia, walikuwa wakali zaidi: kwao zawadi kati ya mume na mke ilikuwa batili kabisa, na sababu iliyotolewa ni kwamba wanandoa wasije wakafilisiana kwa ajili ya mapenzi.

Simaanishi vitu vya nyumba visitolewe kamwe. Yupo mwanamke ambaye ameomba blenda miaka miwili kwa sababu anauza juisi. Huyo ukimletea blenda umemletea mtaji na heshima. Kilicho chake ni kile atakachokitumia kwa mambo yake.

"Zawadi ghali ndiyo yenye mapenzi"

Wanaoamini hivi zaidi ni watoaji. Francis Flynn na Gabrielle Adams waliwauliza waliochumbiana kuhusu pete za uchumba, matokeo yakachapishwa mwaka 2009: waliotoa pete walidhani kadiri ilivyo ghali ndivyo inavyothaminiwa, lakini kwa waliovishwa, bei na furaha havikwenda pamoja. Anayekopa kwa riba ili mpenzi apate simu ya juu anajilipia hofu yake mwenyewe, na Februari deni litakuwa la wote wawili.

"Mwanaume anatoa, mwanamke anapokea"

Nenda dukani wiki ya Krismasi uone wanaume wanapewa nini, wale wanaopewa: boksa, soksi, mkanda. Wengi hawapewi kitu, kwa hoja kwamba pesa zote ni zao. Hoja hiyo imezeeka. Mama ntilie anaingiza pesa, mwalimu wa kike analipwa, kikoba kinavunjwa Desemba na mgawo unaingia mkononi mwa mwanamke. Kwa kawaida mwanaume hatasema kwamba imemuuma, kwa kuwa alilelewa asiseme. Atatania tu, "mimi hata leso sijapata," na kila mtu atacheka. Hayo ni malalamiko yamevaa utani, yasikilizwe.

"Kutuma pesa ni uvivu"

Mwanauchumi Joel Waldfogel ndiye aliyewapa watetezi wa pesa taslimu silaha. Mwaka 1993 alichapisha makala kuhusu hasara ya Krismasi, kwa kuwauliza wanafunzi wa Yale zawadi walizopewa wao wangezithamini kwa kiasi gani. Akakadiria kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi ya thamani inapotea njiani, kwa sababu mtu ananunuliwa asichokihitaji. Basi wajuaji wakahitimisha: mpe mtu pesa.

Wanasahau mambo mawili. Hasara kubwa ilitoka kwa ndugu wa mbali kama shangazi na wajomba; wapenzi na marafiki walikosea kidogo tu. Pia aliwataka wanafunzi waache kuhesabu thamani ya hisia, na kwa wapenzi hiyo ndiyo karibu zawadi nzima.

Kwa hiyo pesa si uvivu wala si dawa ya yote. Kwa mume aliye mgodini Geita au mke anayefanya kazi Muscat, muamala wa simu ndiyo zawadi inayofika salama. Inachohitaji ni kutofautishwa na pesa ya matumizi. Ikiingia laki mbili bila neno, italipa umeme, deni la dukani na dawa ya mtoto, na mtumaji atashangaa Januari akiambiwa hakutoa zawadi. Tuma mara mbili: moja ya nyumba, nyingine yake, uandike ujumbe kwamba hii hairuhusiwi kununua unga. Na tuma na ya kutolea.

"Krismasi bila zawadi si Krismasi, hata dini inasema"

Mathayo anasimulia Mamajusi walioleta dhahabu, uvumba na manemane, lakini walimpa mtoto. Hakuna mahali mke na mume walipoagizwa kufunguliana maboksi. Desturi yenyewe haijatulia popote. Uholanzi watoto hupewa zawadi kwa ajili ya Mtakatifu Nikolasi mwanzoni mwa Desemba, Hispania siku kubwa ya zawadi ni Januari 6, na Uskochi Krismasi haikuwa hata sikukuu ya mapumziko mpaka mwaka 1958. Wapuritani wa Massachusetts, Waprotestanti wa msimamo mkali huko Amerika, waliwatoza faini walioisherehekea kuanzia 1659 hadi 1681. Nyumba nyingi za kwetu zimeishi na ibada, pilau na nguo za watoto, na ndoa zikadumu. Mkitaka kupeana siku ya ukumbusho wa ndoa, au mkiwa na imani mbili nyumbani mmoja apewe Idd na mwingine Krismasi, hamjamkosea mtu.

"Tukiachana, kila mtu arudishe"

Hii inawahusu wasiooana bado, na inapamba moto Januari. Kifungu cha 71 cha Sheria ile ile ya Ndoa kinaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa, pale tu mahakama inaporidhika kwamba mtoaji aliitoa kwa sharti kuwa ndoa ifungwe. Pasipo sharti hilo, hapana. Simu aliyopewa mtu kwa sababu ni Krismasi na mlikuwa mnapendana ni yake, na kuidai kwenye statasi ya WhatsApp hakuifanyi iwe kesi.